Kitenzi Kipungufu

Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na moja Machi, saa mbili na dakika ishirini asubuhi. Rasharasha ilikuwa imeanza tangu alfajiri, na bati la chumba cha walimu lilikuwa likivuja pale pale linapovuja kila mwaka. Mkaguzi aliingia amekunja suruali hadi juu ya vifundo, viatu mkononi, akatuuliza swali moja tu.

Kabla sijasema nilivyomjibu, niwakumbushe nilipowaacha.

Mimi ni mwalimu wa shule ya serikali. Nilijiunga na masomo ya jioni kwa sababu iliahidiwa hivi: mwalimu atakayelipa ada mwenyewe, akahitimu, kisha akabaki katika shule ya umma miaka mitatu mfululizo akifundisha somo alilolisomea, atarejeshewa ada yake yote. Mpango huo una jina refu la kiofisi. Sisi tuliuita Baki Ulipwe.

Ada hiyo hakuilipa mwalimu. Aliilipa dada yangu, fundi cherehani, kwa akiba aliyokuwa akiiweka anunue mashine ya umeme. Nilimwambia ni mkopo. Nilimwapia kwa jina la marehemu mama yetu.

Mnakumbuka pia mwalimu wa Jiografia. Alirejeshewa ada yake Ijumaa, na Jumatatu hakuonekana. Alikuwa amekwisha kuhamia shule ya kulipia ng'ambo ya pili ya mji. Alituaga kwa ujumbe wa simu wenye picha ya mkono unaopunga.

Mimi nilisoma shule ya bweni. Huko tulikuwa na kanuni moja ambayo haikuandikwa popote: zamu haikai tupu. Mwenye zamu akikosekana, anayefuata anaingia bila kuitwa na bila kuuliza. Darasa la Jiografia lilipokaa siku tatu bila mwalimu, niliingia. Hakuna aliyenituma.

Mkuu wa shule alipoona nimeingia, aliniacha huko huko. Vipindi vyangu vya Hisabati alimpa binti aliyekuwa akijitolea, ambaye alipewa nauli tu na kamati ya wazazi. Wanafunzi walimwita Nukta, kwa kuwa kila alipomaliza kueleza jambo alilipigilia msumari: "Nukta." Mimi waliniita Kengele, kwa kuwa ikilia tu nimeshaingia darasani. Sikulipenda jina hilo, lakini sikulikana.

Hapo ndipo tulipoishia.

*

Siku moja kabla ya ukaguzi, Mkuu alinivuta chini ya upenu wa stoo.

"Kengele, ndugu yangu, hebu nisikilize. Mkaguzi anakuja na mambo mawili kwa mpigo. La kwanza, nani arejeshewe ada. La pili, wapi pana pengo aajiri mtu."

"Najua."

"Hujui. Ukisema unafundisha Jiografia, hukulisomea wewe. Miaka yako mitatu inafutwa, unaanza moja. Ukisema Hisabati, mwisho wa mwezi unalipwa."

"Na Nukta?"

"Nukta bado kijana. Ana miguu, atatembea."

"Mkuu, huyu binti amefundisha Hisabati mwaka mzima na nusu. Wanaojitolea wanaajiriwa pale pale walipo, palipo na pengo. Mimi nikikaa kwenye Hisabati, pengo halipo."

"Pengo litakuwa kwenye Jiografia. Tutaletewa mtu wa Jiografia, wewe unarudi kwenye namba zako, shule inakamilika. Shida iko wapi?"

"Shida ni kwamba mimi sisemi uongo."

Aliniangalia kama mtu anayeangalia sahani iliyopasuka, akipima kama bado inafaa kuandaliwa wageni.

"Nani kakwambia useme uongo? Wewe si msomi? Tafuta maneno."

Nilitafuta maneno. Hilo ndilo ninaloliungama leo.

*

Jioni ile nilipita kibandani kwa dada yangu. Alikuwa ameupandisha mguu wa kulia juu ya kigoda, goti limevimba kama boga, na kwa mguu wa kushoto anaendelea kukanyaga pedeli.

"Karibu, msomi wangu. Usikalie hivyo vitambaa, ni vya hospitali."

"Vya hospitali?"

"Makoti ya wauguzi. Nimeipata ile kazi, mdogo wangu! Makoti, mashuka, mapazia, yote. Ila wanataka mshono wa kuzungushia ukingo, na huyu bibi kizee hauwezi." Aliipiga cherehani kofi. "Muuza mashine amenishikia moja ya umeme. Kasema mwisho wa mwezi. Ukipita, anampa mwingine, na hospitali nayo inampa mwingine."

"Nitakulipa mwisho wa mwezi."

"Sijakudai."

"Najua hujanidai."

"Mimi sikudai bwana, goti ndilo linalokudai." Akacheka peke yake, kisha akashika paja kwa maumivu. "Watu wananiambia mdogo wako ana digrii. Nawaambia, ile digrii nimeikanyaga mimi kwa miguu hii. Yeye alikwenda kuipokea tu."

Njiani nikapata maneno niliyokuwa nikiyatafuta.

Mimi ni mwalimu wa Hisabati.

Niligeuza sentensi hiyo pande zote nikaiona haina doa. Digrii yangu ni ya Hisabati, na barua yangu ya ajira inasema Hisabati. Sentensi yenyewe haisemi kwamba ninafundisha Hisabati. Kitenzi chake ni kile kidogo ambacho kila mtoto hukariri shuleni, "ni", kishirikishi kipungufu: kinaeleza hali, hakielezi tendo. Mtu akitaka kuelewa tendo, atakuwa ameelewa kwa hiari yake.

Nililala usingizi mzuri.

*

Sasa turudi Jumanne, kwenye bati linalovuja.

Chumba cha walimu na darasa la kidato cha tatu vimetenganishwa kwa plaiwudi. Mkaguzi aliviweka viatu vyake chini ya meza, akapangusa karatasi zake kwa leso, akauliza:

"Haya. Hisabati, kidato cha tatu na cha nne. Nani?"

Nyuma ya plaiwudi sauti ya Nukta ilikuwa inasikika wazi: "Ukiihamisha namba upande wa pili, alama inageuka. Jumlisha inakuwa toa. Nukta."

Na darasa zima: "Nukta!"

"Mimi ni mwalimu wa Hisabati," nilisema.

"Wewe ndiye unayefundisha?"

"Mimi ni mwalimu wa Hisabati. Digrii yangu ni ya Hisabati."

"Digrii sijauliza."

"Chai itapoa, Mkaguzi," Mkuu aliingilia, akamsogezea kikombe.

Mkaguzi alicheka. "Walimu nyie! Mtu unamuuliza saa, anakupa kalenda." Akaandika. Niliiona kalamu ikitembea juu ya karatasi, na nilijua inaandika kitenzi ambacho sikukitamka. Sikuisimamisha.

"Na huyo ninayemsikia?"

"Anajitolea," alisema Mkuu. "Anasimamia mazoezi."

"Ana sauti ya darasani huyo."

"Sauti anayo."

"Jiografia?"

"Hapo pana pengo," alisema Mkuu, haraka kidogo.

"Pengo." Kalamu ikatembea tena. "Basi nawaletea mtu wa Jiografia. Hisabati mko sawa." Alinigeukia. "Jambo moja, mwalimu. Ikibainika vinginevyo, fedha zinarudi zote kwa mkupuo. Hakuna kulipa kidogo kidogo. Tunaelewana?"

"Tunaelewana."

Alivaa viatu vyake, akaondoka. Kengele ikalia. Nilichukua tufe na ramani ya kontua, nikaenda kufundisha Jiografia.

*

Mwisho wa mwezi mambo mawili yalifika siku moja, kama wageni waliopanda gari moja bila kujuana.

La kwanza liliingia kwenye simu yangu wakati wa mapumziko: benki ilinijulisha kwamba ada yangu imerejeshwa, yote, bila makato.

La pili lilibandikwa ofisi ya elimu: majina ya walimu wapya. Shule yetu ilipata mtu mmoja, wa Jiografia. Jina la Nukta halikuwamo.

Wenzangu walinipongeza. Mwalimu wa Kemia, mtani wangu wa siku nyingi, alinipiga begani.

"Kengele, sasa umeshalipwa! Utabaki au utapunga mkono?"

"Nitabaki."

"Wewe baki kweli. Unajua baki ni nini kwenye hesabu? Ni kile kilichoshindikana kugawanywa!"

Wakacheka wote. Nami nikacheka, kwa kuwa ilikuwa zamu ya kucheka.

Nilitazamia kuona haya, lakini haya hazikuja. Nilitazamia kufurahi pia, na furaha nayo haikuja. Nilikuwa kama jino lililodungwa sindano ya ganzi: ulimi unalipapasa na kujua kwamba lipo, lakini jino lenyewe halina habari.

*

Baada ya vipindi nilimkuta Nukta katika darasa la kidato cha tatu akifuta ubao. Nilitaka kupita. Aliniona.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Hongera. Nasikia umerejeshewa."

"Asante. Na wewe pole. Nimesikia."

"Nimeshapoa." Aliendelea kufuta. "Nilikwenda ofisini kuuliza. Wakaniambia shule yenu haina pengo la Hisabati, ina mwalimu. Nikawauliza, mwalimu gani? Wakacheka. Wakasema kamuulize mwenyewe."

Niliinama kuokota kipande cha chaki sakafuni.

"Nilikusikia siku ile, Mwalimu. Ukuta huu ni plaiwudi. Mtu akipiga chafya huko, huku tunamwambia pole."

"Ulisikia nini?"

"Mimi ni mwalimu wa Hisabati." Aliitamka polepole, kwa sauti yangu, na wala hakukosea lafudhi. "Sentensi nzuri. Ningekuwa nasahihisha ningekupa alama zote. Ila kitenzi chake kipungufu."

Alikiweka kifutio chini na kukung'uta mikono. Vumbi la chaki lilielea kati yetu.

"Unataka nini, binti?"

"Mkaguzi anarudi kesho asubuhi kusikiliza rufaa. Mimi nimekata. Atakuuliza swali lile lile. Nakuomba umjibu kwa kitenzi kamili. Nani anafundisha. Basi, sitaki uniombee wala unisifie."

"Kwa nini usimwambie mwenyewe?"

"Nitamwambia. Lakini mimi ndiye mlalamikaji, na mlalamikaji kila siku anaonekana anajipigia ngoma. Mkuu ameshasema nasimamia mazoezi, hawezi kula matapishi yake. Wanafunzi ni watoto, hawataitwa. Umebaki wewe uliyeliacha somo nikaliokota. Wewe ukisema, imekwisha."

"Unajua kitakachonipata?"

"Najua. Fedha zinarudi zote kwa mkupuo. Hilo nalo nililisikia."

"Basi unajua unaniomba nini."

"Na wewe unajua ulichonichukulia."

Alilisema hilo bila hasira. Angelisema kwa hasira ningemjibu; ninajua namna ya kuwajibu vijana wenye hasira. Nimefanya kazi hiyo miaka mingi.

"Mwaka jana," aliendelea, "nilipata nafasi ya keshia kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nikaja kukuaga. Tulisimama hapo hapo mlangoni. Unakumbuka ulivyoniambia?"

"Nakumbuka."

"Ulisema, 'Baki, binti. Serikali haimsahau anayebaki.'"

"Nilisema."

"Basi nimebaki, Mwalimu. Kumi gawanya kwa tatu, mimi ndiye ile moja."

Hakumalizia kwa neno lake. Nilisubiri aseme "Nukta", na hakulisema.

"Nitafikiri," nilimwambia.

"Fikiri. Mimi nitakuwa hapa asubuhi. Nina kipindi cha kwanza."

*

Nilikwenda benki. Karani aliniuliza kama ninazitaka zote. Nikasema zote.

Wapo watakaosema ningeweza kupata njia ya tatu. Nilizipima njia zote nikiwa kwenye foleni, na mimi si mvivu wa kupima. Nikisema kweli kesho, fedha hizi zitadaiwa. Nikiwa nazo, nitazirudisha, Nukta ataajiriwa, na miaka yangu mitatu itaanza upya. Nikiwa sinazo, mshahara wangu hautoshi kuzirudisha kwa mkupuo hata nikifunga mdomo nisile mwaka mzima, nitasimamishwa kazi. Kwa hiyo jibu la kesho halikuwa linangoja kesho. Lilikuwa ndani ya bahasha, chini ya kwapa langu.

Dada yangu alikuwa mlangoni pa kibanda. Kando yake palikuwa na mkokoteni, na juu ya mkokoteni palikuwa na mashine ya umeme iliyofungwa kwa kamba na kufunikwa gunia. Muuza mashine alikuwa ameegemea gurudumu, anachokonoa meno kwa njiti ya kiberiti.

"Huyo anakuja!" alisema dada yangu. "Sikukwambia? Mdogo wangu akisema mwisho wa mwezi, kalenda yenyewe inamwogopa."

"Mama, mimi nina mteja mwingine," alisema muuza mashine. "Nimekungojea kwa heshima ya kiwango chako cha mshono tu."

"Heshima gani na wewe? Umeningojea kwa kuwa huyo mwingine anakopa."

Muuza mashine alicheka hadi njiti ikamdondoka.

Nilimpa dada yangu bahasha. Aliipima kwa mkono, kama anavyopima kitambaa, kisha akaniangalia usoni. Dada yangu amenilea. Mama alipofariki nilikuwa sijajua kufunga kamba za viatu. Anausoma uso wangu vizuri kuliko ninavyousoma mimi.

"Mbona umenyauka hivyo? Zimetoka salama?"

"Zimetoka benki."

"Sijauliza benki. Nauliza salama."

"Serikali imenirejeshea ada niliyoahidiwa."

Kila neno la sentensi hiyo lilikuwa kweli. Nilishangaa jinsi ilivyotoka kwa urahisi. Mara hii sikuhitaji kutafuta.

Aliishika bahasha kwa mikono miwili, hakuifungua.

"Sikiliza, mdogo wangu. Kama kuna neno, liseme sasa. Huyu bwana namrudisha na mkokoteni wake, mimi na bibi kizee wangu tutaendelea kukanyaga. Hospitali haikunizaa. Una neno?"

Muuza mashine aligeuka kutusikiliza. Goti la dada yangu lilikuwa limefungwa kitambaa cheupe, kipande cha makoti ya wauguzi, na kitambaa kilikuwa kimekaza hadi nyama imejitokeza juu na chini.

Upande wa pili wa mji binti mmoja alikuwa anaandaa kipindi cha kwanza.

"Sina," nilisema. "Pokea."

Alipokea. Aliifungua bahasha, akazitenga za mashine, akamkabidhi muuza mashine, naye akazitia ndani ya soksi. Zilizobaki alizifunga kwenye pindo la kanga yake. Wakaanza kuzifungua kamba za mkokoteni.

"Basi, deni limekwisha," alisema dada yangu. "Hatudaiani tena."

"Hatudaiani," nilisema, nikashika upande wangu wa mashine, tukaiingiza ndani.